Mjane Aliyekaa Kwenye Kiti

Mikeka ya Eliane ilijulikana kabla ya Eliane mwenyewe kujulikana. Pale Nyamianda, mtaa wa Uvira, mtu akikunjua mkeka wa mafunjo mbele ya mlango, majirani walitazama pindo tu. Wakiliona lile pindo la mara mbili, lililobanwa likakazika, walisema: huu ni wa mke wa Gaspard. Kazi hiyo aliitoa kwa mama yake kule Luberizi, enzi ambazo mabwawa ya Ruzizi yalikuwa na mafunjo ya kukata bila kuuliza mtu. Alisuka akiwa amekaa chini, miguu imenyooshwa mbele, mgongo wima, jinsi wasichana wa bondeni walivyofundishwa. Kusuka juu ya kiti hakuna. Mkeka unazaliwa chini, na anayeusuka lazima ashuke aufuate huko.

Hakusuka ya kulalia peke yake. Alisuka ya kilio. Katika ukoo wa Gaspard, Wafuliiru walioteremka milimani zamani za babu zao, mwanaume akifa, mjane wake anakalishwa chini juu ya mkeka mpya, miguu imenyooshwa, kichwa kimefungwa kikwembe. Analala hapo, anakula hapo, na anayekuja kumpa pole anashuka mpaka alipo. Siku ya kuondoa kilio mzee wa ukoo anamshika mkono, anamwambia, "Simama, mwanetu, umemaliza," naye anasimama, na mkeka unachomwa nyuma ya nyumba. Mjane ambaye hakuinuliwa hivyo, wanasema bado ana maiti ndani. Chakula cha mkono wake ukoo haukigusi.

Eliane alikuwa Mrundi wa bondeni aliyeolewa kwa watu hao, na mgeni hujifunza sheria za nyumba kuliko mwenye nyumba. Wajane wengi wa ukoo ule walikalia mikeka yake. Naye hakuona haya kusema nani alikaa vizuri, na nani aliomba mto wa kuegemea kama mgonjwa.

Maumivu yalianzia kwenye kinena cha kulia. Mwanzoni alisema ni baridi ya bwawa. Akakandwa kwa mawese ya moto na chumvi. Akachanjwa wembe kiunoni, dawa nyeusi ikapakwa. Akaombewa na watu wa chumba cha maombi, wakamshika mguu na kuuamuru upone, mguu ukakataa amri. Ikafika wakati hawezi kuvaa kiatu cha kulia mwenyewe, na akitaka kugeuka kitandani anaushika mguu kwa mikono miwili na kuuhamisha kama gogo.

Wakati huo Gaspard naye alikuwa anaisha. Alikuwa fundi wa pampu za maji ya mashamba ya mpunga, mwanaume wa mabega, lakini moyo ulichoka, miguu ikajaa maji, akipiga hatua chache anasimama kutafuta pumzi. Basi nyumba ile ilikuwa na wagonjwa wawili wanaosikilizana kupitia ukuta.

Binti yao Chérie, aliyeolewa Bukavu, alimpeleka mama yake huko kupigwa picha ya mifupa. Munganga wa hospitali kubwa, kijana mwenye mikono mikubwa, aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama, ona hapa. Kichwa cha mufupa wa nyonga kimeliwa kama muhindi wa fukusi. Hakuna mafuta itarudisha hii. Tunakikata, tunaweka cha chuma."

"Na nitatembea?"

"Utatembea. Lakini chini, apana." Akamweleza kwa vidole vyake vikubwa jinsi kichwa kinavyokaa ndani ya kikombe chake. "Kuchuchumaa, apana. Kuikala kwa kigoda, apana. Kuinama kuokota kitu, kukunja muguu juu ya mwenzake, apana. Ile chuma ikitoka mu nafasi yake, utalia mpaka bantu ba Kamanyola basikie."

"Mpaka lini?"

"Miezi ya kwanza ni sheria. Kiisha ni akili. Bengine banarudia kuikala chini, bale bako na mifupa nguvu. Ya kwako nimeiona. Ningekuwa weye, chini ningeisahau mpaka kufa."

Eliane alitazama sakafu ya chumba kile. Alifikiria mbabula yake, jiko la makaa lililo chini, beseni la kufulia lililo chini, choo cha shimo, mafunjo yake. Akauliza swali moja tu.

"Na kwa kilio?"

"Kilio ya nani, mama? Hauko unakufa!" Munganga akacheka. Eliane hakucheka. Alisema ataenda kufikiri, akarudi Uvira.

Alifikiri kwa muda mrefu, na jibu lake lilikuwa hapana. Kutembea kutamsaidia nini, kama siku ile itamkuta hawezi kushuka? Maana alijua kilio kitakuwa cha nani. Kila mtu alijua, hata Gaspard, aliyekuwa akisema, "Usiniangalie hivyo kama maiti ya kesho, minye niko wa leo bado."

Josée, dada wa Gaspard, aliishi ua wa pili. Mwanamke mnene, mwenye kuyumba kama bata kwa magoti yake, na ukimuuliza magoti yanasemaje anajibu huo ni uzee, siyo ugonjwa. Yeye aliposikia habari ya chuma alipiga makofi.

"Shemeji, siku ya ufufuo benzako bakipanda, weye chuma itakuvuta chini! Tutakuachia wapi?"

"Utanishika mukono, si unapendaka kushika bantu?"

"Minye? Na magoti haya?" Wakacheka wote wawili. Walikuwa bado wanaweza kucheka.

Kilichobadilisha jibu ni asubuhi moja ya mvua. Gaspard alitoka kwenda chooni mwenyewe kwa sababu hakutaka kuita. Akaanguka uani. Eliane alimsikia akisema jina lake, si kwa kelele, kwa sauti ndogo ya mtu asiye na pumzi. Akaushika mguu wake kwa mikono miwili, akaushusha kitandani, akajaribu kusimama, nyonga ikamkata, naye akaanguka. Akatambaa. Alifika kizingitini akashindwa kupita. Kutoka pale alimwona mumewe amelala ubavu kwenye tope, mvua inampiga usoni, na mdomo wake unafunguka na kufunga. Hawakuwa mbali. Mtu mwenye miguu mizima angefika kabla hujameza mate.

Josée ndiye aliyewakuta.

"Yesu wangu! Hii ni nyumba ya bantu ao ya mijusi?" Alisema hivyo huku analia, akamwinua kaka yake kwa kumkumbatia kwa nyuma kama gunia la mpunga.

Siku chache baadaye Eliane alimwomba jirani amletee mafunjo, akaanza kusuka. Alikaa chini kwa kushushwa na watu wawili, na mguu ule haukunyooka tena, ulibaki umepinda pembeni kama wa mtu mwingine. Alisuka huku ameuma kipande cha kitambaa. Gaspard alimtazama kutoka kwenye godoro lake.

"Huo mukeka ni ya nani?"

"Ya nyumba."

"Nyumba inalalaka?" Akavuta pumzi. "Weka pindo nzuri, Josée asipate ya kusema."

Eliane akaendelea kusuka.

"Elia, sikiya. Nikiwa mu sanduku sitaona kama umeikala chini ao juu. Lakini leo naona. Naona uji wangu unapoa pale kwa mbabula, na weye hauwezi kuufikisha hapa. Enda Bukavu."

"Na ukoo?"

"Ukoo hauninyweshake uji."

Basi alimaliza pindo, akaukunja mkeka, akaufunga kamba na kuupandisha juu ya dari. Josée akachukua kazi ya kumtunza kaka yake, na Eliane akaenda.

Hospitalini hawakumlaza usingizi. Walimchoma sindano ya mgongo, nusu ya chini ikafa, wakamfunika kitambaa ili asione. Lakini masikio yalikuwa yake. Alisikia msumeno, kisha nyundo. Kila pigo lilimsukuma kitandani, bila maumivu, kama watu wanaojenga chumba nyuma ya ukuta wake. Alisali rozari kwa vidole bila shanga, akapotea katikati, akaanza upya.

Maumivu yalikuja sindano ilipokwisha. Kesho yake, kabla hajakubali kwamba yu hai, kijana wa kufundisha mazoezi alikuja na kumwambia asimame. Eliane alimtukana kwa Kirundi. Yule kijana alikuwa anakijua Kirundi, akajibu, "Asante mama, sasa tusimame." Alisimama, dunia ikazunguka, akatapika juu ya viatu vya kijana, akarudishwa. Jioni wakamsimamisha tena.

Walimwekea mto katikati ya miguu, alale chali tu, asigeuke. Mtu aliyezoea ubavu, kulala chali ni kama kulazwa kwenye sanduku kabla ya wakati. Walimchoma sindano za tumboni ili damu isigande mguuni. Mguu ulivimba, ukawa wa zambarau mpaka kisigino. Kuhusu choo hakuna aliyemwonya: tumbo lilifunga kwa dawa za maumivu, na alilia kwenye kile kiti chenye tundu kuliko alivyolia siku sindano ilipokwisha. Alijifunza kwamba kwenye ngazi mguu mzima unapanda kwanza, na mguu wa chuma ndio unaoshuka kwanza. Alijifunza kugeuka kwa hatua ndogondogo, bila kuzungusha mwili juu ya mguu uliokanyaga. Soksi alivalishwa na Chérie, kila siku, naye kila siku aligeuza uso ukutani.

Nyuzi zilipotolewa na kidonda kikafunga, alimwambia binti yake, "Nirudishe, baba yako ananingoja." Walimpandisha garini kiti cha mbele, blanketi zimekunjwa chini yake ili asizame. Katika mateso ya kona za mlima Ngomo alisimamisha gari mara nyingi, akashuka, akasimama kando ya barabara na magongo yake juu ya korongo, abiria wakinung'unika.

Nyumbani alikuta kitanda chake kimeinuliwa kwa matofali. Na kando ya mlango palikuwa na kiti kipya cha mbao ngumu, chenye mikono ya kuegemea, kirefu mpaka kikachekesha.

"Nilimwambia seremala aongeze miguu," Gaspard alisema. Sauti yake ilikuwa imebaki nusu. "Akaniuliza, ni ya hakimu? Nikamwambia ni ya mukubwa kuliko hakimu."

Mbabula ilikuwa imewekwa juu ya meza ya matofali. Huko kwenye sindano na nyundo Eliane hakuwahi kujua kama amefanya vema. Alijua siku alipoacha gongo moja, akachukua kikombe cha uji kwa mkono uliobaki huru, akavuka chumba, akakifikisha kwa mumewe kikiwa bado kinatoa moshi. Gaspard alikunywa kidogo tu. Hakuwa na nafasi tena tumboni. Lakini alikunywa cha moto.

Aliyapata majuma machache ya hivyo. Alimfuta uso, alimgeuza, alimshika mgongo alipokuwa anakohoa. Mchana mmoja, ziwa likiwa limetulia na watu wakianika ndagala, Gaspard alimwomba maji, na alipofika nayo hakuyahitaji.

Mwili ulipooshwa na kuvalishwa, wanawake wa ukoo walijaa sebuleni. Josée alipanda juu ya meza kwa kusukumwa, akautoa mkeka darini, akaukunjua katikati ya sakafu. Pindo la mara mbili likaonekana, na wanawake wakanong'ona kwamba ni mzuri kuliko yote. Kisha wakamgeukia Eliane. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha Gaspard, gongo lake limesimama ukutani.

"Shemeji, mukeka iko tayari," Josée alisema kwa upole.

"Siwezi, Josée. Unajua."

"Tutakushika. Tuko wengi."

Chérie akaingia kati. "Shangazi, munganga alikataza. Mufupa utatoka, na kutoka hapa mpaka Bukavu nani atamubeba?"

"Weye nyamaza na munganga wako. Niko nasema na muke wa kaka yangu." Upole ukaisha. "Eliane, mikeka mingapi umesuka? Wajane wangapi umewasema? Yule wa Makobola aliyeomba mto, ni weye ulimcheka muda gani hapa? Leo weye unaikala juu, sisi chini, kama mugeni wa serikali?"

Wakamwita Jean-Berchmans, mzee wa ukoo, aliyekuwa nje na wanaume. Aliingia na kofia mkononi, akautazama mkeka, akakitazama kiti.

"Eliane, utaikala ao hautaikala?"

"Baba, kiti hiki ni Gaspard alikitengenezesha. Alijua. Alisema niende."

"Gaspard ni ule amelala pale," Josée alisema. "Mwulize."

Na hapo, mbele ya wote, Eliane alijaribu. Aliushika mkono wa kiti, akajisogeza mpaka ukingoni, akautanguliza mguu wa kulia. Mkeka ulikuwa chini yake, mafunjo aliyoyasuka akiwa ameuma kitambaa. Wanawake wawili walikuja kumshika makwapa. Akaanza kushuka. Ndani ya nyonga kitu kikavutika, kizito, kigeni, kikatafuta njia. Akaona kizingiti cha ile asubuhi ya mvua. Akaona mdomo unaofunguka na kufunga, na safari hii ulikuwa wake.

"Niacheni," alisema. "Niacheni!"

Wakamrudisha. Wangemsamehe kiburi, maana kiburi chake walikizoea. Lakini walichokiona usoni mwake kilikuwa woga, naye alijua wamekiona.

Josée akavua viatu. "Kaka yangu hatalala bila mutu kwa mukeka," alisema. Akashuka kwa kishindo, magoti yakilia kama kuni kavu, akanyoosha miguu mahali pa mjane.

Siku zote za kilio ilikuwa hivyo. Watu waliingia, wakaona mwanamke chini na mwanamke juu, wakashuka kwa yule wa chini. Josée alipewa pole, Josée alishikwa mkono, Josée aliletewa bugali. Eliane walimwinamishia kichwa kwa mbali, kama watu wanaomsalimu mgonjwa wa nyumba nyingine. Alilala kwenye kitanda chake kirefu, chali, mto katikati ya miguu. Hata kujikunja ili alie hakuruhusiwa.

Siku ya kuondoa kilio Jean-Berchmans alisimama mbele ya mkeka, akamshika Josée mkono. "Simama, mwanetu, umemaliza."

Josée hakusimama. Alijaribu, uso ukakunjamana, akarudi chini. Magoti yalikuwa yameshikana kwa siku zote zile za sakafu. Alijaribu tena, akatoa sauti ambayo Eliane aliijua vizuri, maana ilikuwa imeishi kooni mwake miaka. Kabla hajafikiri, Eliane alilichukua gongo lake ukutani na kulinyoosha kwa wifi yake, sehemu ya kushikia ikiwa mbele.

"Shika, dada. Weka uzito kwa hii, kiisha inua goti zuri kwanza."

Josée aliliangalia gongo lile. Akamwangalia aliyelishika.

"Lirudishe kwa kiti chako," alisema.

Wanaume wanne wakamwinua. Neno la mzee lilikuwa limeshasemwa, na halisemwi mara mbili kwenye kilio kimoja. Mkeka ukapelekwa nyuma ya nyumba. Mafunjo makavu yanawaka haraka. Pindo peke yake, kwa kubanwa kwake, lilibaki jekundu kwa muda. Eliane alitazama kutoka mlangoni, amesimama. Hakuna aliyemwambia simama. Aliinuka mwenyewe kwenye kile kiti kirefu, jinsi alivyofundishwa: mguu wa chuma mbele, mikono inasukuma, mzima ndio unaobeba.

Mchana ule alisonga bugali kwa ajili ya waliobaki, na samaki juu yake. Watu wa ukoo walisema wameshiba. Sahani zilipoa kwenye meza ya matofali, mpaka Chérie akaja akala kidogo, peke yake, akitazama chini.

Asubuhi iliyofuata Eliane alitoka na gongo moja. Makaburi yako mlimani, na njia ina mawe. Mguu mzima unapanda kwanza. Alipumzika kwa kusimama, akapanda, akapumzika. Wanawake wanaoteremka na kuni walimpisha bila kumsemesha. Alipofika, udongo ulikuwa bado umeinuka, na msalaba wa mbao haujakauka rangi.

"Nimekuja kwa mguu," alimwambia Gaspard.

Wengine hupiga magoti mahali kama pale, au hukaa kando ya udongo na kuzungumza mpaka moyo upoe. Eliane alitafuta jiwe refu la kukalia, hakuliona. Yote yalikuwa mafupi. Alibaki wima, mikono miwili juu ya gongo, mpaka nyonga ya kushoto, ile ambayo haikuguswa, ilipoanza kuuma. Ndipo akageuka kwa hatua ndogondogo, akaanza kuteremka, mguu wa chuma kwanza.